Salamu Nilizozikata

Mwaka tisini na nane nilikuwa mtu mkubwa mjini Kahama, ingawa hakuna aliyekuwa amenitangaza. Nilikuwa na cheti cha uhazili kutoka Tabora, jozi moja ya viatu vya kisigino, na ufunguo wa chumba chenye kompyuta. Cheti walikuwa nacho wengi. Ufunguo nilikuwa nao mimi na tajiri wangu tu, na wa kwake aliupoteza wiki ya kwanza.

Tajiri alikuwa Mhindi wa kuzaliwa palepale. Familia yao ilinunua pamba tangu enzi za babu yake, na Kisukuma chake kilinishinda hata mimi niliyezaliwa Kishapu. Mkulima akiingia dukani na kuanza kuhangaika na Kiswahili, tajiri alimkatiza kwa "Mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, kisha wakaenda kwa kasi hadi mimi nikabaki nimesimama kama mgeni. Duka lenyewe lilikuwa la madaftari, kalamu, mashine ya fotokopi, na mimi na taipureta yangu. Siku kompyuta ilipoletwa aliipasulia nazi mlangoni, akaipaka alama nyekundu juu ya kioo, pale ambapo kwa binadamu pangeitwa paji la uso, na akaivisha shada la maua. Kisha akatunga sheria: hakuna kuingia na viatu. Hivyo viatu vyangu vya kisigino vilikaa mlangoni kutwa nzima, nami nikaifanya kazi ya kisasa kuliko zote wilayani nikiwa miguu mitupu.

Kazi yenyewe ilikuwa barua pepe, ambazo mjini tuliziita imeili, na wengi wakasema imeri. Mji mzima ulikuwa na anwani moja, ya dukani kwetu. Mtu alikuja na barua yake kwenye karatasi, nami nikaichapa. Mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kompyuta ilipiga simu Dar es Salaam kwa laini ya duka, ikalia kama mbuzi aliyenaswa kwenye miba, halafu barua zikaanza kuondoka moja baada ya nyingine kwa mpangilio nilioziwekea. Za kuja ziliingia kwa njia hiyohiyo, nami nikazitoa kwenye printa na kumpelekea mwenyewe. Tatizo lilikuwa laini. Ilikatika. Dakika saba, dakika kumi, siku njema robo saa, kisha kimya. Barua ambayo haijaondoka ilingoja awamu nyingine. Kwa hiyo kilichoamua kama barua yako itafika leo au wiki ijayo kilikuwa nafasi yake kwenye orodha, na orodha niliipanga mimi.

Utaratibu wa mwanzo ulikuwa rahisi: aliyetangulia kuja, barua yake hutangulia kwenda. Niliuheshimu pale nilipotaka. Kulikuwa na muuguzi mmoja mwenye mchumba masomoni Urusi, na mambo yao yalikuwa yamefika patamu. Barua zake zilijikuta juu kila mara. Kulikuwa pia na mnunuzi wa dhahabu aliyezoea kuniita "we sista" bila hata habari za asubuhi. Zake zilijikuta chini. Sikuona kwamba ule ni upendeleo. Niliona ni malezi.

Mnunuzi huyo ndiye aliyeleta maneno. Alikuwa ametoka Dodoma akifuata maduara ya Bugarama, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na siku hizo wageni wa mgodi mkubwa nao walikuwa wameanza kumiminika, kila mmoja anataka kuzungumza na dunia. Alitembea na mizani ndogo ya dhahabu kwenye mfuko wa shati, kama daktari na kipimajoto. Asubuhi moja alimfuata tajiri kwenye kaunta.

"Bwana mkubwa, mimi nikichelewa kujua bei ya leo, nanunua kwa bei ya jana, naumia. Hawa wengine wanaandika nini? Mama hajambo, mbuzi hajambo. Mbuzi anaweza kungoja. Niweke mbele, nitalipa mara mbili."

Tajiri alilifikiria jambo hilo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Mchana alinikabidhi mafaili mawili. Jekundu lilikuwa la wanaolipa mara mbili, la kaki la wengine wote. Jekundu liishe kwanza, ndipo la kaki lianze.

"Na wa faili la kaki tuwaambie nini?" nikauliza.

"Waambie barua zao zitakwenda vilevile."

"Lini?"

"Binti," akasema, "wewe chapa."

Haikupita wiki mbili, faili jekundu likanenepa. Kila mnunuzi wa dhahabu aliyesikia kwamba mwenzake anatangulia alitaka naye atangulie, na wakandarasi wa mgodini wakafuata. Laini ilikuwa ileile, yenye dakika zilezile. La kaki likawa linaguswa siku za bahati tu.

Wa kwanza kuligundua faili jekundu alikuwa mwalimu mkuu mmoja mstaafu, aliyekuja kila Jumatatu na Alhamisi ndani ya koti la suti, jua liwake lisiwake. Binti yake alikuwa Uholanzi akisomea udaktari wa mifugo. Mwalimu alikuwa amewafundisha nusu ya mji, wakiwemo watoto wa tajiri, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumjibu kwa ukali. Ilibidi wamjibu kwa hoja, na hicho ndicho alichokipenda kuliko chai.

"Ndugu yangu," alimwambia tajiri pale barazani, watu wakisikia, "posta, barua ya mkulima na barua ya mkuu wa mkoa zinakaa kwenye gunia moja. Wewe hili gunia la pili umelitoa wapi?"

"Mwalimu, hata treni ina daraja la kwanza, la pili na la tatu."

"Kweli. Mimi nimepanda la tatu miaka thelathini. Sijawahi kuona behewa la kwanza likifika Tabora leo, la tatu likafika kesho. Mwenye pesa analipia godoro. Halipii ili mimi nisifike."

Watu walicheka, na tajiri akacheka nao. Mnunuzi wa dhahabu hakucheka.

"Na basi la haraka je, mwalimu? Nauli kubwa, linafika mapema. Mbona hulalamiki?"

"Basi la haraka haliwafungii wengine barabara."

"Barabara ipi?" akauliza tajiri.

Hapo mwalimu alikwama, maana ilikuwa masika, na njia ya kwenda Isaka ilikuwa imegeuka bwawa ambalo mabasi yote, ya haraka na ya pole, yalilala humo kwa usawa kamili.

Mabishano hayo yakawa burudani ya mji. Muuza karanga alihamishia meza yake barazani kwetu. Walikuwepo waliosema mwenye duka ana haki na laini yake, awapange watu apendavyo. Walikuwepo waliosema laini imepita kwenye nguzo zilizosimama mashambani mwa watu, kwa hiyo si yake peke yake. Fundi baiskeli mmoja, ambaye hakuwahi kutuma barua hata moja maishani mwake, alikuja kila siku kuwatetea wa faili la kaki kwa uchungu mkubwa.

Mimi nilikaa ndani nikijiona mwenye akili kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimepata dawa ya kimyakimya.

Niligundua kwamba barua fupi hupita upesi. Faili jekundu likiisha, na zikibaki dakika mbili za laini, barua tatu fupi za kaki zinaweza kupenya mahali ambapo moja ndefu ingekwama katikati. Na barua ndefu kuliko zote Kahama zilikuwa za mwalimu. Zilianza hivi: "Mpendwa binti yangu, pokea salamu tele kutoka kwa baba yako mzazi. Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali, kwani mimi huku ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Halafu zikaja salamu za mama. Halafu za bibi, pamoja na maendeleo ya mguu wake. Halafu baba mdogo wa Ushirombo, majirani wa kulia, majirani wa kushoto, na ng'ombe waliozaa na walio karibu kuzaa. Ukurasa wa pili, chini kabisa, ndipo lilipokaa jambo lenyewe, kwa kawaida kuhusu kuvaa soksi.

Kozini Tabora tulifundishwa kufupisha. Nikafupisha. "Mpendwa binti, mimi mzima. Wote hawajambo. Usiache kuvaa soksi. Baba." Ikapita.

Niliwafanyia wengi hivyo, si yeye peke yake. Kwa majuma kadhaa Kahama nzima haikuwa na mgonjwa, haikuwa na mzazi wala mzaliwa. Wote hawajambo. Niliona ninawasaidia watu wa faili la kaki kuliko fundi baiskeli na makelele yake.

Alhamisi moja, katika awamu ya asubuhi, iliingia barua kutoka Uholanzi. Niliisoma inavyotoka kwenye printa, kwa sababu nilikuwa nasoma zote.

"Baba, barua zako nne zilizopita hazikumtaja bibi. Umeandika tu wote hawajambo. Tangu nizaliwe hujawahi kuandika hivyo. Najua mnanificha. Niambie ukweli, bibi amefariki lini, na mmemzika wapi? Siwezi kula. Nimewaeleza walimu wangu nimefiwa, wamenipa siku za mapumziko, natafuta nauli ya kurudi."

Nilikaa. Bibi wa watu nilikuwa nimemwona Jumapili iliyotangulia, mlangoni kwa mwalimu, amekaa kwenye mkeka anatafuna michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo hata mimi mwenye meno yote huviogopa.

Nitasema lililonijia, ingawa halinipendezi. Nilifikiri kuificha ile karatasi. Ufunguo ulikuwa wangu, nani angejua? Ningemwandikia yule binti mwenyewe, kwa jina la baba yake, bibi mzima, mguu unaendelea vizuri, na mambo yangeisha. Niliweka hata vidole kwenye kompyuta. Kisha nikaona kwamba nikishaandika barua nzima ambayo mwenyewe hakuiandika, basi mimi si mpiga chapa tena, na sikujua ningekuwa nani. Nikanywa maji, nikangoja.

Mwalimu alifika saa tisa. Alivua viatu, akaingia na soksi zake, nikamwamkia, nikampa. Aliisoma amesimama. Aliisoma tena.

"Mimi sikuandika hivi," alisema. "Bibi nimemwandika kila mara. Mguu nimeeleza hata ni upande gani."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ndiyo nini?"

"Mliandika. Mimi ndiye niliyekata."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliniomba zile barua zake za mkono, ambazo nilikuwa nazihifadhi kwenye boksi, na nakala za nilizozituma. Akavuta kiti, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, maana mwalimu hustaafu, kalamu yake haistaafu, akaanza kulinganisha. Alipiga mstari kila mahali nilipokata. Baba mdogo, mstari. Ndama, mstari. Mguu wa bibi, mistari miwili. Alipomaliza nakala ya nne aliandika chini kwa mwandiko mzuri: Rudia.

Nililia kidogo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nne, na nilikuwa sijawahi kufeli.

Tajiri aliposikia aliingia mbio, bila kuvua viatu, jambo lililonionyesha uzito wa hali. "Mwalimu, andika sasa hivi," alisema. "Itakuwa ya kwanza kabisa. Bila malipo."

Ilikuwa imebaki nusu saa kabla ya awamu ya jioni. Faili jekundu lilikuwa na barua kumi na tisa.

"Hapana," akasema mwalimu.

"Mwalimu! Mtoto analia huko."

"Nimekaa kwenye baraza lako mwezi mzima nasema asitangulizwe mtu. Leo nitangulizwe mimi kwa kuwa ni wewe umenionea huruma? Kesho kila mtu atakuja na bibi."

Tajiri alinitazama. Nilimjua mwalimu vya kutosha kujua kwamba angeweza kweli kumwacha binti yake alie mpaka Jumatatu kwa ajili ya hoja, na angeumia yeye kuliko sote. Basi nikatoka barazani, miguu mitupu, mbele ya watu wote. Wengi wa wale wenye barua nyekundu walikuwepo, wakingoja majibu yao.

"Jamani," nikasema, "mimi nimemuua mama yake mwalimu."

Muuza karanga aliangusha kopo. Nikaeleza yote, toka "wote hawajambo" hadi Uholanzi. Kisha nikawaomba: wao wenyewe, kwa hiari yao, wampishe mwalimu. Si duka limtangulize. Wao wampishe, kama mtu anavyompisha mwenzake bombani mwenye mgonjwa nyumbani.

Mmoja akasema apite. Wa pili akasema apite. Ilikwenda hivyo hadi kwa yule mnunuzi wa dhahabu. Alikuwa amejiinamia akichezea mizani yake.

"Huyo bibi," akaniuliza, "mguu unaomsumbua ni upi?"

"Wa kushoto."

"Mama yangu ni wa kulia," akasema. "Apite."

Nilirudi ndani nikamwambia mwalimu foleni imempisha. Alitafakari, akakubali kwamba huo si upendeleo, hiyo ni adabu. Nikakaa kuchapa. Nikasihi: "Mwalimu, leo tuandike fupi. Bibi yu hai, basi."

"Ufupi ndio uliotufikisha hapa," akajibu, akaanza kunisomea: "Mpendwa binti yangu, pokea salamu tele kutoka kwa baba yako mzazi."

Nilichapa zote. Mguu, michembe, baba mdogo, ndama. Tulimaliza dakika moja kabla ya saa kumi. Kompyuta ikalia, laini ikashika, barua ya mwalimu ikaondoka yote. Kisha laini ikakatika, na kumi na tisa nyekundu zikabaki. Barazani adabu ilipungua kidogo, lakini hakuna aliyesema neno mbele ya mwalimu.

Faili jekundu halikuondolewa siku hiyo. Liliondolewa juma lililofuata, na si kwa mahubiri. Mkandarasi mmoja alimjia tajiri akitaka faili la tatu, lililo juu ya jekundu, kwa malipo mara tatu. Yule mnunuzi wa dhahabu aliposikia alipandwa na hasira, akasimama barazani na kutangaza kwamba binadamu wote ni sawa mbele ya laini. Mwalimu alimsikiliza kwa furaha ya mtu aliyeona mwanafunzi mzito akisoma silabi. Tajiri akasema akiendelea hivyo mwisho atauza mafaili tu, barua hakuna. Tukarudi kwenye foleni moja, yenye vibandiko vya namba, na nikapewa sheria yangu mwenyewe: nisiguse neno la mtu, na mwenye barua aisome kabla haijaondoka. Barua za muuguzi na mchumba wake zikaanza kungoja zamu kama za wengine. Hilo liliniuma zaidi kuliko kushushwa hadhi.

Lakini nisidanganye kwamba amani ilikuja. Mwezi haujaisha, wanunuzi wa dhahabu wakaanza kulalamika kwamba salamu za mwalimu peke yake zinakula nusu ya laini, na hapo, kusema kweli, walikuwa na hoja. Tukaweka kikomo cha ukurasa mmoja kwa kila namba. Mwalimu alikubali kwa moyo mweupe, na Jumatatu akaja na mkewe, kila mmoja na namba yake. Barua ya mama ilianzia palepale ya baba ilipoishia, katikati ya sentensi.

Binti alikuja likizo Desemba. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kujaa chumba, na hakunikasirikia, au hasira zilikwisha njiani. Alikuja dukani amemshika bibi mkono. Nilipiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Malahaba, mjukuu wangu." Alinitazama. "Ndiwe uliyeniua?"

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Sikusikia kitu," akasema. "Nilikuwa nakula."

Akavua kandambili, akaketi mbele ya kompyuta, akasema naye ana barua. Tukashangaa; mjukuu wake si huyu hapa? Si ya mjukuu, akasema. Ni ya wale walimu wa Uholanzi waliompa mtoto ruhusa ya msiba. Watu wamempa pole ya mtu aliye hai, si vizuri kuwaacha hivyo. Alisema kwa Kisukuma cha zamani kilichonipita, tajiri akatafsiri sentensi kwa sentensi, binti akageuza kwa lugha ya huko, nami nikachapa herufi moja moja maneno nisiyoyajua, nikiogopa kuacha hata nukta. Ziliingia salamu za mguu wa kushoto. Uliingia pia mwaliko: waje wavune naye viazi.

Namba yake ilikuwa ya saba. Laini ilikatika kwenye ya sita. Nilimweleza bibi kwamba itabidi ingoje kesho, nikaona aibu kana kwamba nimeikata mwenyewe.

"Kesho si nipo?" akasema, akaanza kutafuta kandambili zake mlangoni.

Ilikwenda Jumamosi, yote.